Fungu ni Lilelile, Samaki Wamepungua: kisa cha laini ya shangazi yangu, Tanga

Shangazi yangu ananunua pweza. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi nasoma shule ya msingi, na miaka yote hiyo anakwenda kijiji kilekile cha pwani, kusini mwa mji wa Tanga ukishaipita Tongoni. Anapanda boda hadi njia ya mchanga inapoanza, kisha anatembea. Maji yakitoka, wanawake wa pale wanashuka miambani kuchokoa pweza. Yeye anapima, analipa, anarudi mjini na ndoo zake za barafu, na jioni mzigo unapakiwa kwenye basi pale Kange kwenda Arusha na Moshi. Ndoo, mizani, barafu, nauli, vyote hivyo anavihesabu kichwani bila kukosea. Simu ndiyo iliyomshinda.

Mwanzoni mwa 2021 alinijia kibandani kwangu Ngamiani, ninapofanya uwakala wa pesa za simu na kuuza vocha. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, kuna mtu ananila." Alikuwa na hakika kwamba hela inayoingia kwenye simu sasa ni nyingi kuliko zamani, ila hakuweza kuonyesha inapotokea. Nikamjibu kama tunavyowajibu wateja wote: kifurushi cha wiki ni elfu mbili, shangazi, na mwaka jana kilikuwa elfu mbili. Akanitazama kama mtoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari.

"Na fungu la elfu mbili pale sokoni ni elfu mbili. We tazama samaki waliomo."

Hapo ndipo tulipofungua kaunta buku. Kuanzia siku ile kila alichonunua kwenye laini yake kiliandikwa: tarehe, shilingi, MB, dakika, na pale alipokumbuka, kilichobaki muda ulipokwisha. Tuliandika hadi mwisho wa 2023. Ni daftari la mtu mmoja na laini moja, kwa hiyo msiligeuze kuwa takwimu za nchi. Mtandao wenyewe sitautaja, kwa sababu mimi ni wakala wake na nakula kamisheni yake, na kwa sababu nina hakika daftari la mtu mwingine kwenye mtandao mwingine lingesoma karibu hivyohivyo.

Kwanza, alikuwa sahihi. Januari 2021 kifurushi chake cha intaneti cha wiki, cha shilingi 2,000, kilikuwa na MB 900. Katikati ya 2022 kilikuwa na MB 700, na mwisho wa 2023 MB 600. Bei ya nje haikusogea hata senti. Ukigawanya, MB moja ilitoka shilingi 2.22 ikafika 3.33, yaani imepanda kwa nusu yake, na hakuna siku hata moja aliyopokea ujumbe wa kumwambia bei imepanda. Alichopokea ni ujumbe wa "hongera".

Serikali ilishataja bei elekezi ya kifurushi cha intaneti: kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Ukiipima 2.22, imo ndani. 3.33 nayo imo. Shangazi alipandishiwa bei kwa nusu nzima na hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Kiwango ambacho juu yake ni zaidi ya mara nne ya chini yake kina nafasi ya kutosha mtu kugeuza lori ndani yake. Na lile tarakimu la chini nalo lina kazi yake: linamzuia mkubwa asiuze kwa hasara ili amuue mdogo, lakini pia linamwambia kila mmoja kwamba chini ya hapa hakuna mwenzako atakayekufuata.

Wengi mnaikumbuka ile Ijumaa ya tarehe 2 Aprili 2021. Vifurushi vilibadilika siku moja kwa mitandao yote, kufuatia kanuni mpya za vifurushi za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, na kelele zilizopigwa mitandaoni ziliifanya serikali kuamuru vifurushi vya zamani virudishwe. Waziri wa mawasiliano wakati ule alikuwa Dkt. Faustine Ndugulile. Pale kibandani nilitukanwa mimi, kana kwamba nilikaa nikapanga bei chini ya mwembe. Shangazi akapata jina la mtu anayemla: "Wamekula njama hao. Haiwezekani wote siku moja."

Nilimbishia wakati ule, na bado nabisha. Walibadilika siku moja kwa sababu kanuni ilianza siku moja. Wauzaji wakiwa wachache, hawahitaji kikao cha siri hata kidogo. Wauza samaki wanne waliopanga meza zao ukutani wanaonana. Mmoja akipunguza samaki kwenye fungu na wateja wasihame, kufikia adhuhuri wote wamepunguza, na hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Tume ya Ushindani ikija kutafuta barua ya njama haitaipata, maana haipo. Tofauti na soko la samaki ni kwamba pale fungu liko wazi juu ya meza. MB hazionekani. Mtu anajua zimepungua pale tu zinapokwisha Alhamisi badala ya Jumapili, na hapo anajilaumu mwenyewe, anasema wanangu wameangalia video.

Nilipoulizwa mbona shangazi hahami, na mitandao ipo mingi, jibu langu la kwanza lilikuwa la kivivu: mazoea ya wazee. Nililifuta baada ya kwenda naye kijijini.

Ukiwa Ngamiani, barabara yoyote kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini, simu yako inashika mitandao yote. Vodacom, Airtel, Tigo ambayo tangu 2024 inaitwa Yas, Halotel, TTCL, chagua. Pale ufukweni, mwaka huo wa 2021, simu yangu ya laini mbili ilishika mmoja. Ule wa pili ulikuja na kuondoka kama jogoo anayechungulia mlangoni. Ukipanda kwenye kichuguu karibu na msikiti unapata nukta mbili, ukishuka miambani huna kitu. Na pweza hawanunuliwi kichuguuni. Mnara ni mmoja, uko nyuma ya minazi, na wakati ule ulibeba antena za mtandao mmoja tu.

Kwa hiyo mwenye takwimu ofisini anahesabu mitandao mitano. Shangazi, saa anayoihitaji simu kuliko saa zote, anahesabu mmoja.

Hilo la mnara linavuta la pili, na hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Wale wanawake wa pwani wote wako kwenye mtandao huo mmoja, maana ndio unaoshika. Muuza barafu wa mjini yuko huko kwa sababu wanunuzi wake wako huko. Boda anayemsubiri pale mchanga unapoanza, vilevile. Basi kifurushi cha maongezi alichokuwa akinunua, cha shilingi 1,500 kwa wiki, kilikuwa na dakika 100 za kupiga ndani ya mtandao huo na dakika 15 za mitandao yote. Akihamia kwingine, watu wake wote wanageuka kuwa "mitandao mingine", na dakika 15 zinaisha kabla hajamaliza kumsalimia muuza barafu, ambaye ni mtu wa salamu ndefu.

Mtu angedhani kupiga mtandao mwingine ni ghali kwa sababu mtandao mwingine unadai. Unadai, ndiyo, lakini kiasi gani? Kiwango cha juu cha mtandao mmoja kuutoza mwingine kwa kupokea simu hupangwa na TCRA. Mwaka 2013 kilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika. Mwaka 2018 kilishushwa hadi 15.60, kikaendelea kushuka kila mwaka, na 2022 kikafika shilingi 2.00. Shilingi mbili! Uzio wa gharama uliotenganisha mitandao umebomolewa karibu wote, lakini vifurushi vimeendelea kugawanywa kana kwamba uzio upo. Mgawanyo huo wa dakika 100 kwa 15 hauakisi gharama tena. Kazi yake ni kukufanya uwaulize ndugu zako wako mtandao gani kabla hujaamua wewe uwe wapi, na mkubwa anapenda swali hilo kwa sababu jibu huwa ni yeye.

Kuhama na namba yako inawezekana tangu Machi 1, 2017. Unakwenda kwa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA, namba inakufuata. Nilimpeleka shangazi mwaka 2022 tuulize. Namba ingekuja, lakini pochi ya pesa isingekuja. Ilibidi aitoe hela yote, alipe mkopo mdogo aliokuwa amekopa kwenye laini, aanze pochi mpya kwa mtandao mpya. Na mnunuzi wa Moshi anayetuma malipo saa tatu usiku amezoea kuona jina la shangazi likijitokeza kwenye mtandao aliouzoea. Jina likijitokeza kwenye mtandao mwingine anasita, anapiga kuuliza kama simu imeibiwa. Tanzania ilitangulia kuunganisha pochi za mitandao tofauti, Airtel, Tigo na Zantel mwaka 2014 na Vodacom ikajiunga 2016, kwa hiyo hela inavuka. Imani ndiyo inayovuka kwa kuchechemea. Shangazi aliuliza swali moja tu dukani pale: "Kama nikikosa malipo ya siku moja, mnanilipa pweza?" Kijana wa watu akacheka, tukatoka.

Kodi nazo zimo, na nizitaje kwa haki, maana si kila shilingi inaliwa na mtandao. Kwa miaka ya daftari hili, muda wa maongezi na vifurushi vilibeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, juu yake VAT ya asilimia 18. Katika kila 1,000 ya shangazi, huduma yenyewe ilipata kama 724. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ambayo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba na ikazidi kupunguzwa baadaye. Kwa wiki kadhaa za mwaka huo daftari linaonyesha malipo ya Moshi yakija kwenye bahasha mkononi mwa dereva wa basi. Lakini ushuru wa asilimia 17 na VAT ya 18 havikubadilika kati ya 2021 na 2023. Zile MB 300 zilizopotea hazikwenda huko.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wala sikulitafuta. Lilijitokeza lenyewe pembeni mwa daftari, pale shangazi alipokuwa akiandika kilichobaki.

Pweza wanafuata bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, wanawake wanashuka. Siku tano sita hivi za kazi ya kufa mtu. Halafu yanakuja maji mafu, hakuna wa kushuka, shangazi yuko nyumbani anashona. Biashara yake ina mzunguko wa wiki mbili, kazi na mapumziko. Kifurushi kina wiki yake kivyake na hakijui mwezi ni nini. Kwa hiyo wiki ya bamvua MB zilikwisha siku ya nne akaongeza za siku kwa bei ya juu, na wiki ya maji mafu zikamfia. Tulihesabu wiki 12 mfululizo: katika zile sita za maji mafu, MB 2,150 zilikufa bila kutumika. Hizo ni zaidi ya vifurushi vitatu vya wakati ule, vya MB 700.

Kanuni za 2021 zilileta vifurushi visivyo na ukomo wa muda, jambo jema kabisa kwa mtu wa maji kupwa na kujaa. Tukaviangalia kwenye menyu. Kwa shilingi 2,000: MB 230. Yaani shilingi 8.70 kwa MB moja, ambayo nayo, kama mnavyokumbuka, imo ndani ya bei elekezi. Haki ipo, ukiweza kuinunua.

Katika mwaka 2023 mambo yakabadilika kijijini. Mtandao wa pili ulikuja kutundika antena zake kwenye mnara uleule nyuma ya minazi. Hakukujengwa mnara mpya. Siku hizi minara mingi inamilikiwa na kampuni za minara na kukodishwa kwa mitandao, na panapokosekana faida upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaochangia. Mafundi walikuja siku mbili na gari, wakala ugali na pweza, wakaondoka. Wiki ile shangazi alinunua laini ya pili, akaiweka kwenye nafasi ya pili ya simu, akaanza kununua MB huko wakati wa maji mafu kwa kuwa kulikuwa na kifurushi kidogo cha siku tatu. Laini ya zamani ikakaa kimya karibu wiki mbili, inapokea tu.

Siku ya kumi na moja ikaingia ofa. "Mteja wetu, kwa ajili yako tu": shilingi 2,000, wiki nzima, MB 950. Zaidi ya zile za Januari 2021!

Nikafurahi kuliko yeye. Nikasema ndiyo haya, ushindani umefika ufukweni na bei imeshuka. Halafu nikabonyeza menyu kwenye laini yangu mwenyewe, mtandao uleule, nikiwa nimekaa Ngamiani ambako mitandao mitano inanipigia kelele mchana na usiku. Elfu mbili, wiki nzima: MB 600.

Hapo nadharia yangu ya mnara ikanipiga chenga. Kama wingi wa mitandao ungetosha, mimi ndiye ningepewa 950. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa kabla sijakubali kilichokuwa mbele ya macho. Mimi siendi popote. Laini yangu ndiyo ya uwakala, namba yangu imeandikwa kwa rangi ukutani, kila siku inafanya miamala. Kompyuta yao inajua, bila mtu yeyote kunikasirikia, kwamba huyu hata ukimpa 500 atanunua. Shangazi alikuwa ameonyesha kwamba anaweza kuondoka. Antena ya pili ilimpa mlango, lakini bei haikushuka mpaka alipoanza kutoka.

Nina binamu Toronto ambaye tukipigiana kwa WhatsApp huwa anacheka tunapolalamika, kisha analalamika yeye. Canada ni nchi tajiri na soko lake limeshikwa na kampuni tatu, Rogers, Bell na Telus. Rogers ilipoinunua Shaw mwaka 2023, sharti lilikuwa mtandao mdogo wa Freedom Mobile uuzwe kwa kampuni ya Quebec iitwayo Videotron, ili abaki angalau mtu wa nne wa kuwasumbua wakubwa. Ufaransa ilionyesha msumbufu anafanya nini: Free ilipoingia Januari 2012 na kifurushi kikubwa cha euro 19.99 na kidogo cha euro 2, waliotangulia walilazimika kushusha. Sisi tulipata wetu Oktoba 2015, Halotel ya Wavietnam, iliyokwenda vijijini kwanza. Mwaka huohuo Millicom, mwenye Tigo wakati ule, alinunua sehemu kubwa ya Zantel. Mmoja kaingia, mmoja kamezwa. Binamu anasema hata kwao bei nzuri anapewa aliyepiga simu kusema anafunga laini. Shangazi aliposikia hilo alisema, "Kumbe na Wazungu."

Kama kuna mtu wa TCRA anayesoma, ningeomba vitu viwili kutokana na daftari hili. Ujumbe wa kununua kifurushi utaje bei ya MB moja, ili fungu liwe juu ya meza. Na dakika za "mtandao huu" na "mitandao yote" zitolewe maelezo na mwenye kuzigawa, kwa sababu kwa shilingi 2.00 mimi siyaoni.

Shangazi hakusubiri TCRA. Sisi Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo, na yeye ameamua kuwa mgeni wa aina hiyo kwenye laini yake mwenyewe. Maji mafu yakiingia, anazima laini kongwe makusudi na kutumia ile ya pili. Usiku wa kuamkia bamvua anaiwasha. Mara nyingi ofa inakuwa imeshalala inamsubiri, siku nyingine 950, siku nyingine 900, siku moja haikuja kabisa naye akaenda zake miambani na laini ya pili. Tarehe za mwezi mwandamo ameziandika ukutani kwa mkaa, pembeni ya mlango, chini yake MB alizopewa.

Mimi napewa 600.